Njia ya 2,4 ni ya raia wote: tusikubali kuuziwa vyombo bila maelezo

Tunajua swali litakuja hata mbele ya mutu kumaliza mustari wa kwanza: leo munatuandikia juu ya ampuli na kamera za wifi? Kwa inchi yenye familia mingi zinalala ndani ya mahema ya wakimbizi, kwa miji yenye maji ya bomba inapita siku yenye imejipendea, ninyi vijana munakaa kueleza ginsi ya kuwasha taa na telefone?

Ndiyo. Na tuna sababu. Kile chombo kidogo kinagusa mambo matatu yenye tunapigania kila siku: mali ya wote yenye haipaswe kuporwa, haki ya mutu mwenye kununua, na usalama wa raia ndani ya nyumba yake. Mwenye kudharau hayo juu ni «mambo ya wifi» atakuja kushituka siku yenye yote matatu yamekwisha kuuzwa.

Nani ananunua?

Tuondoe kwanza uongo mumoja. Watu wanafikiri hivi vyombo ni vya matajiri wenye nyumba za gorofa pembeni ya ziwa. Zungukeni kwa kartie muone. Kamera ya wifi iko juu ya mulango wa butiki ya mama mwenye kuuza unga na mafuta. Iko kwa kijana mwenye kutengeneza telefone, mwenye hawezi kulipa mulinzi wa usiku. Prizi yenye kuzimwa na telefone iko kwa mutu mwenye anaogopa kuacha pasi ikiwaka, juu nyumba ya mbao ikishika moto haingojee zimamoto. Ampuli yenye akili iko kwa familia yenye inataka taa ijiwashe saa kumi na mbili ya magaribi, hata kama hakuna mutu nyumbani, ili mwizi afikiri kuko watu.

Sasa tujiulize vizuri: hawa watu wananunua nini? Wananunua usalama. Wanalipa mara ya pili kazi yenye walikwisha kulipia na kodi, juu mwenye alipaswa kuifanya haifanye. Usiku watu wanapiga mungongo wa sufuria kuita majirani, polisi inafika asubui kuuliza ilikuwaje. Njo maana raia anachukua makuta yake kidogo, anaenda sokoni, anarudi na kartoni yenye picha nzuri.

Na hapo njo shida inaanza. Anafungua kartoni, anaweka aplikasio kwa telefone, anaandika jina la wifi na neno la siri, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha maandiko inatokea: imeshindikana. Anarudilia. Anaita mutoto wa jirani. Siku ya tatu anaenda kwa muuzaji, na muuzaji anamuambia kitu chenye sisi wote tumekwisha kusikia: «Mali ikitoka hapa hairudi.» Makuta imeenda. Kamera inabaki ndani ya kabati, sawa vile mutungi wenye kupasuka.

Mara mingi ile kamera haikuwa imekufa. Ilikuwa tu inasikiliza njia moja, na nyumba inasema kwa njia ingine.

Ginsi inavyofanya kazi

Tueleze polepole, juu hii ni elimu yenye watu wangepashwa kupewa bure pamoja na kartoni.

Ruta mingi za leo zinatuma wifi kwa njia mbili. Njia ya kwanza inaitwa gigahezi 2,4. Ya pili inaitwa gigahezi 5. Ya 5 ni mubio, inabeba video kubwa bila kukwama, lakini haifike mbali na inachoka upesi kwa kukuta. Ya 2,4 ni ya polepole zaidi, lakini inafika mbali na inapita kwa mbao na matofali vizuri zaidi. Wimbi la 2,4 lina urefu wa sentimeta 12,5 hivi. Lile la 5 lina sentimeta 6 hivi. Kwa nyumba zetu za mbao ile ya 2,4 inatembea bila shida kubwa. Kwa kuta za mawe ya volkano inapungua nguvu, na mabati yanairudisha sawa kioo. Kwa hiyo usiweke ruta nyuma ya bati halafu ukasema vyombo ni vibaya.

Ampuli, prizi, kengele za mulango na kamera za bei ya chini zinasikia paka njia ya 2,4. Juu ya nini? Juu ya bei, na juu ya kazi yenyewe. Mwaka 2014 kampuni Espressif ya Shanghai ilitoa chipu ndogo yenye jina ESP8266, yenye inabeba wifi ya 2,4 peke yake na yenye bei ya chini sana. Chipu ya namna hiyo njo ilifanya prizi na ampuli za wifi zikaweza kufika mupaka kwa masoko yetu. Na kusema kweli, ampuli haihitaji mbio. Neno «waka» na neno «zima» ni fupi. Njia ya polepole yenye kufika mbali njo inaifaa.

Basi kusikia njia moja si ubovu. Ubovu ni kunyamaza. Mutengenezaji anajua. Muuzaji mukubwa wa kuleta kontena anajua. Kwa kartoni mara mingi iliandikwa, lakini kwa herufi ndogo sawa mayai ya chawa, kwa Kichina ao kwa Kiingereza, chini kabisa. Mwenye hajui ni ule wa mwisho, mwenye analipa.

Cha kufanya, bila kulipa mutu

Tumeona wandugu wengi wakilipa tena juu ya kazi ya dakika kumi. Jaribuni kwanza hivi:

1. Tenganisha majina. Ruta mingi zinaita njia zote mbili kwa jina moja. Telefone yako inashika ya 5 juu ni ya mbio, na kuko aplikasio zenye zikiona hivyo zinakataa kuendelea. Ingia kwa ukurasa wa ruta (anwani iko kwa karatasi ya mugongo wake, mara mingi 192.168.0.1 ao 192.168.1.1), upe njia ya 2,4 jina lake. Unganisha telefone kwa lile jina, kisha weka chombo.

2. Kama ruta hairuhusu kutenganisha, zima njia ya 5 kwa dakika kumi, unganisha chombo, kisha uiwashe tena. Chombo kitabaki kwa 2,4 na telefone itarudia kwa 5. Vitaendelea kusikilizana, juu ruta ni moja.

3. Kama ruta iko na «wifi ya wageni», iweke kwa 2,4 na uache vyombo vikae huko. Hii ni nzuri mara mbili: vinaunganika bila shida, na haviko ndani ya njia moja na kompyuta yako. Tutarudia kwa hilo neno.

4. Angalia ulinzi wa wifi. Vyombo vingi vya bei ya chini havijue ulinzi mupya wenye kuitwa WPA3. Chagua WPA2, ao ule wenye kuchanganya yote mbili. Lakini usiache wifi wazi bila neno la siri kwa kutaka mambo iende upesi.

5. Wenye hawana ruta na wanatumia wifi ya telefone: kwa Android, ndani ya mipango ya kugawa intaneti, kuko mahali pa kuchagua gigahezi 2,4. Kwa iPhone kuanzia ya 12, kuko kidude cha kuongeza kupatana na vyombo vingine, kiwashe. Mara mingi mutahitaji telefone ya pili ya kufanya maunganisho. Na mukumbuke: siku yenye ile telefone inatoka nyumbani, kamera inabaki kipofu.

6. Moto wa umeme ukikatika na kurudi, usikimbilie kufuta kila kitu. Ruta inahitaji dakika moja ao mbili ya kuamuka. Chombo kinaamuka mbele yake, kinatafuta, hakione, kinatafuta tena. Ungojee.

Majirani, tupatane

Kuko jambo la saba, na hilo mutu mumoja hawezi kulifanya peke yake. Njia ya 2,4 imegawanyika kwa vijia, ndani ya inchi mingi 13. Lakini vile vijia vinapandana sawa mabati ya nyumba moja. Ukitaka vyenye havigusane, viko vitatu tu: cha 1, cha 6 na cha 11. Kwa avenyu yenye nyumba zinashikana ukuta kwa ukuta, ruta kumi zote zikijichagulia kijia, na kila moja ikijitanua kupita kipimo, wote wanasikia makelele na hakuna mwenye anasikia neno. Bluetooth iko mule mule. Mafuru ya mikrowevu vile vile yanapiga mule mule.

Mwenye kununua ruta ya nguvu zaidi ili ashinde majirani anafanya sawa mutu mwenye kupandisha sauti ya redio juu jirani amepandisha ya kwake. Dawa ni moja: watu wa parsele nne ao tano wazungumuze. «Sisi tunakaa kwa 1, ninyi mukae kwa 6, wale wa kona wakae kwa 11.» Hakuna waziri mwenye anahitajika, hakuna stempeli, hakuna karatasi. Ni salongo, lakini ya hewa.

Tunasema hivi juu kuko watu wanatufundisha kila siku kwamba raia peke yao hawawezi kupanga kitu. Uongo. Tulifagia barabara zetu. Tulipanga foleni kwa bomba wakati hakuna mukubwa alionekana. Tunaweza kupanga na mawimbi.

Hii hewa ilitoka wapi

Tunataka mujue historia yake, juu mutu hawezi kulinda mali yenye hajui ni ya kwake.

Mwaka 1947, kwa mukutano wa mataifa juu ya redio kule Atlantic City, wakubwa wa dunia waligawa mawimbi: haya ya jeshi, haya ya ndege, haya ya redio. Kipande cha karibu na 2,4 kilitengwa kwa mashine za viwanda, sayansi na matibabu, zenye kutumia mawimbi kwa kazi zao bila kutuma ujumbe. Mashine za kupasha moto, kwa mufano. Kwa mutu mwenye kutaka kuzungumuza, pale palikuwa sawa uwanja wa kutupia takataka: makelele matupu. Kwa miaka mingi hakuna kampuni kubwa ilipapigania.

Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifungua kile kipande na vingine viwili: yeyote mwenye kufuata kipimo cha nguvu angeweza kutuma mawasiliano pale bila kuomba ruhusa. Mwaka 1997 kanuni ya kwanza ya teknolojia yenye leo tunaita wifi ikatoka. Mwaka 1999 jina lenyewe Wi-Fi likazaliwa. Inchi zingine zikafuata. Leo sehemu kubwa ya intaneti ya majumbani inapita kwa uwanja wenye wakubwa walidharau.

Muone tofauti. Kampuni za telefone zinalipa serkali juu ya mawimbi yao, halafu zinatulipisha sisi kwa mega. Mwaka 2024 mudhibiti wa mawasiliano wa inchi yetu alikataza Starlink. Mwaka 2025 akaiptisha na kuipa ruhusa. Kalamu moja inafunga, kalamu moja inafungua. Lakini kwa 2,4 yule mama wa unga na ule tajiri wa kontena wako sawasawa: kila mumoja anatuma mawimbi yake, hakuna mwenye anaomba, hakuna mwenye analipa. Kwa inchi yenye udongo unagawanywa juu ya mikataba yenye hatujawahi kusoma, yenye hata changarawe ya muto iko na mwenye kujiita mukubwa wake, hicho kipande cha hewa ni kati ya mali chache zenye bado ni zetu wote.

Na tunajua ginsi mali ya wote inapotea hapa kwetu. Inapotea kupitia karatasi. Mwaka 2020 walituletea RAM. Walisema ni daftari la kuandikisha telefone, ni kwa kupambana na wizi na telefone za bandia. Kisha tukaona vitengo vyetu vinakatwa: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ndogo ya 2G, dola 7 kwa telefone ya 3G ao 4G. Mutu anatia vitengo asubui ili aite daktari, anakuta vimeliwa. Wanainchi walikataa, walipiga kelele barabarani na kwa mitandao, na mwaka 2022 ile kodi ikaondolewa. Hakuna mutu alituondolea kwa huruma.

Sasa fikirini. Sheria 20/017 ya tarehe 25 novemba 2020 juu ya mawasiliano iko. Vyombo vya wifi vinaongezeka kila mwezi. Siku moja mutu atakaa kwa ofisi yenye hewa ya baridi, atahesabu kamera, prizi na ampuli, na atasema: kila chombo chenye kuunganika kiandikishwe, kwa usalama wenu. Tunamujibu mbele hajauliza: apana. Njia ya 2,4 ibaki bila kodi, bila daftari, bila kitambulisho cha ampuli. Kipimo cha nguvu, ndiyo, juu mutu asiharibie wengine. Kulipisha hewa, apana.

Kamera inaona nani?

Mbele hatujapigia serkali kidole peke yake, tujiangalie na sisi. Juu hapa njo mahali penye uzito kuliko pote.

Mingi ya zile kamera za bei ya chini hazitume picha kutoka mulango wako mupaka kwa telefone yako moja kwa moja. Picha inatoka kwa nyumba, inaenda kwa kompyuta ya kampuni, inchi ya mbali, kisha inarudi kwako. Hujui nani anaifungua kule. Hujui inakaa siku ngapi. Inchi yetu iko na Kodi ya dijitali tangu 13 marsi 2023, yenye inaongea juu ya kulinda habari za mutu binafsi, lakini kamera ya sokoni haijasoma ile sheria.

Na kuko neno la siri. Mwaka 2016 programu mbaya yenye jina Mirai ilitembea ndani ya intaneti ikijaribu maneno ya siri ya kiwanda, makumi sita hivi tu. Ilifungua kamera, ruta na mashine za kurekodi kwa maelfu na maelfu, juu wenye nyumba hawakubadilisha kitu. Tarehe 21 oktoba 2016 vile vyombo vilitumiwa kupiga kampuni Dyn ya Marekani, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua hata kidogo kama macho ya mulango wao yalikuwa yanafanya kazi ya mutu mwingine.

Sasa mulete hiyo hadisi hapa kwetu. Tunaishi kwa inchi yenye vijana walikamatwa juu ya kushika kibao. Tunakutana ndani ya majumba ya watu. Tunaongea majina, saa, barabara. Na kwa pembe ya sebule kuko jicho jeusi lenye kusikia na kuona, lenye neno lake la siri ni 123456. Mutu mwenye kutaka kutujua hahitaji tena kumutuma mupelelezi mwenye kusimama kwa kona na gazeti. Tumekwisha kumununua sisi wenyewe, kwa makuta yetu, na tukamushika kwa ukuta na musumari.

Hatuseme tutupe kamera. Yule mama wa unga anaihitaji, na sisi hatuna kitu kingine cha kumupa. Tunasema kamera iangalie mulango. Isiangalie kitanda, wala kikao. Siku ya mukutano itolewe kwa prizi. Neno la siri libadilishwe siku ile ile ya kununua, liwe refu. Vyombo vikae kwa wifi ya wageni, si pamoja na kompyuta yenye orodha za watu. Na mbele ya kununua, uliza kama kamera inaweza kuweka picha kwa kadi yake ya ndani na kufanya kazi bila intaneti.

Hilo neno la mwisho si la anasa. Tarehe 31 desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, na ilirudi karibu siku makumi mbili nyuma yake. Vyombo vyenye kungoja amri kutoka inchi ingine, siku ya namna hiyo vinageuka mawe. Ni siku ile ile yenye raia anahitaji sana kuona nani yuko kwa mulango wake.

Tena tusidanganyike: mawimbi ya 2,4 mutu anaweza kuyafunika na makelele, na moto wa umeme anaweza kuukata. Kamera haikamate mwizi. Kamera inaonyesha tu picha ya mwizi, na picha yenye hakuna polisi wa kuipokea inabaki hadisi ya kusikitisha kwa telefone. Ampuli yenye kujiwasha haiondolee mutu deni la kulinda muji.

Vijana, kazi iko hapa, lakini tusinunuliwe nayo

Wengi kati yetu tuko na diplome na hatuna kazi. Hii elimu ya njia mbili, ya vijia vitatu, ya maneno ya siri, hata mutu mwenye hakusoma umeme wala informatike anaweza kuishika kwa siku mbili. Tuifundishane. Kila kartie iwe na vijana wawili ao watatu wenye wanaweza kuingia kwa nyumba ya mutu, kuunganisha, kubadilisha neno la siri mbele ya macho yake, na kumuachia maandiko kwa Kiswahili. Wachukue malipo ya haki, yenye kutangazwa, si kumuogopesha mama kwa maneno magumu.

Lakini musituambie kwamba njo kazi yenye mulituahidi. Kuunganisha kamera juu muji hauna ulinzi si maendeleo. Ni kuziba tundu la paa na kitambaa. Tunaweza kushika kitambaa na mukono mumoja na kudai bati na mukono mwingine.

Tunachodai

Kwa wauzaji: muandike kwa kartoni, kwa Kiswahili na Kifaransa, herufi zenye mutu mwenye miwani anaweza kusoma: «Kinafanya kazi kwa wifi ya 2,4 tu.» Mujaribu chombo mbele ya mununuzi. Na mukubali kukirudisha ndani ya siku chache kama hakiunganike.

Kwa wenye kutuletea intaneti: mutekinisia akiweka ruta nyumbani, atenganishe majina ya njia mbili ao amuonyeshe mwenye nyumba ginsi ya kufanya. Amuachie neno la siri la ruta. Mutu mwenye kulipa ruta na hawezi kuingia ndani yake ni mupangaji kwa nyumba yake mwenyewe.

Kwa mudhibiti wa mawasiliano na wabunge: mutangaze wazi, kwa luga zenye tunasema, mawimbi gani ni huru na kwa kipimo gani cha nguvu. Musilete kodi ya vyombo vyenye kuunganika, chini ya jina lolote. Na intaneti isikatwe tena juu ya kuogopa sauti ya raia.

Kwa wakubwa wa usalama: hesabuni kamera zenye ziko juu ya milango ya wamama sokoni. Kila moja ni barua ya malalamiko yenye mulikataa kupokea.

Kwa sisi wenyewe: juma hili, kila mumoja aende kwa nyumba tatu. Tubadilishe maneno ya siri. Tuangalie kamera zinaelekea wapi. Tuulize majirani wako kwa kijia gani, na tupatane. Kama mutu aliuziwa chombo na kikakataa, tukijaribu kwanza kwa 2,4 mbele hatujakiita kifu. Na kama kweli kimekufa, tumusindikize kwa muuzaji, tukiwa wengi, kwa heshima, bila fujo, mupaka makuta irudi.

Hewa haina lango, njo maana ni rahisi mutu kusimama mbele yake na kusema yeye njo mulinzi wa lango. Tuwe wa kwanza kusimama pale, kwa jina la wote.